Filta ya Oili na Safari ya Mama Adoyo

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Obedi Owiti aliosha gari lake. Aliosha vioo, milango na tairi. Alifuta hata vumbi lililojificha kwenye rimu. Lilikuwa Noah nyeupe ya zamani, lakini majirani wa Buswelu, jijini Mwanza, walisema inang'aa kuliko magari mapya. Kwa gari hilo aliwapeleka sokoni akina mama wauza dagaa na kuwarudisha. Kazi hiyo ndiyo iliyoilisha familia yake.

Zamani Obedi alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi hiyo katika mialo ya Ziwa Viktoria, mahali wavuvi wanapotia nanga. Mashine ilipokataa kuwaka, wavuvi walisema, "Mwiteni Obedi." Kwa sababu hiyo, alipoanza kumiliki gari, hakumruhusu fundi mwingine aguse injini yake.

Mwaka huo mama yake, Mama Adoyo, aliletwa Mwanza kutoka wilaya ya Rorya, mkoani Mara. Alikuwa na uvimbe tumboni. Alitibiwa kwa miezi mitano, lakini uvimbe haukupungua. Mwili wake ulikonda na sauti yake ikawa ndogo. Akili yake ilibaki timamu.

Jumatatu moja alimwita mwanawe chumbani.

"Nyathina," alisema. Ndivyo Wajaluo wanavyosema "mwanangu". "Nataka kwenda nyumbani."

"Mama, daktari atakuona keshokutwa."

"Nitamwona. Kisha unipeleke nyumbani. Baba yako amezikwa kule. Nyumba yangu iko kule. Sitaki kufia ugenini."

Obedi alitazama sakafu. "Nitakupeleka, mama."

"Na usinikodie gari la mtu. Nataka kuingia kwenye boma langu nikiletwa na mwanangu."

"Nimesikia."

Kesho yake Obedi alianza kuliandaa gari. Kutoka Buswelu mpaka kijijini kwao ni karibu kilomita mia tatu. Mama yake hakuweza kukaa wima kwa muda mrefu. Kwa hiyo aliondoa viti vya katikati na kutandika godoro. Kisha akamwaga oili ya zamani, akaweka mpya. Mwisho alichukua filta mpya ya oili kutoka kwenye mfuko uliokuwa chini ya kitanda. Alikuwa amenunua filta sita kwa mpigo kutoka kwa machinga aliyezitembeza mkononi. Nne alikwisha kuzitumia. Hii ilikuwa ya tano.

Mke wake, Akumu, alikuwa akianua nguo. Alisimama akamtazama.

"Baba Okomo, mbona filta hiyo ni fupi? Ile tuliyoikuta kwenye gari siku tulipolinunua ilikuwa ndefu."

"Urefu si hoja. Nyuzi za kufungia zimekubali. Ikifungika, basi ni yake."

"Na zile kelele za asubuhi?"

Akumu alikuwa na sababu ya kuuliza. Kila alfajiri injini ilipowashwa, iligonga kwa sekunde kadhaa, chuma kwa chuma. Taa nyekundu ya oili ilichelewa kuzimika.

"Gari linaamka," alijibu Obedi. "Hata wewe ukiamka unapiga kelele."

"Mimi nikiamka siwashi taa nyekundu. Lipeleke kwa fundi wa magari alisikilize."

"Akumu! Miaka kumi na tisa nimefungua injini."

"Umefungua za mitumbwi. Hizo zina filta ya oili?"

Obedi aliendelea kukaza filta. Jibu alilijua. Mashine alizozizoea hazikuwa na filta ya oili hata moja.

Jumatano walimpeleka Mama Adoyo hospitali. Daktari alimpima kwa upole, kisha akazungumza na Obedi na Akumu pembeni.

"Tumefika mwisho wa dawa zetu," alisema. "Sasa tunaweza kumpunguzia maumivu tu. Kama mnataka kumsafirisha, iwe wiki hii. Wiki ijayo sina hakika kama ataimudu safari."

Waliondoka hospitali. Mama Adoyo alilala kwenye godoro. Akumu alikaa nyuma, akimshika mkono.

Walipofika Nyakato, malori yalikuwa yamesimama mbele ya viwanda. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Gari liliposimama, taa nyekundu ya oili iliwaka. Obedi alikanyaga mafuta kidogo, ikazimika. Alipoachia, ikawaka tena. Kisha ikasikika sauti kutoka chini ya injini. Ko, ko, ko.

Obedi aliliweka gari pembeni, akazima.

"Tumefika?" aliuliza Mama Adoyo.

"Bado, mama."

Hatua chache kutoka hapo palikuwa na karakana. Mwenye karakana alitoka akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke wa umri wa miaka hamsini hivi, amevaa ovaroli ya bluu. Jina lake lilikuwa Bernadeta Shimba. Alisomea ufundi wa magari chuoni akiwa kijana, na alikuwa hajawahi kufanya kazi nyingine. Alichungulia ndani ya gari kwanza, kabla ya kuitazama injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nyathina."

"Pole sana, mama. Hapa kuna kivuli. Tutakusogeza taratibu."

Vibarua wa karakana walisukuma gari mpaka kivulini. Obedi alitaka kuwasha injini ili fundi asikie ile sauti. Bernadeta alimzuia kwa mkono.

"Usiwashe kwanza, kaka. Taa ile ikiwaka, injini inalia kwamba haina oili ya kutosha inakotakiwa. Ukiwasha ili kujaribu bahati, unaweza kuiua."

"Oili ipo. Nimeibadilisha jana."

Bernadeta alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, kisha akakitoa tena.

"Kweli ipo, na ni mpya. Basi shida si kiasi cha oili. Tuone kama inapanda."

Alifunga geji ya kupimia presha ya oili. Akawasha injini kwa muda mfupi sana, akazima. Mshale wa geji ulipanda kidogo tu.

"Umeona? Oili imejaa chini, lakini haifiki juu vya kutosha." Alilala chini ya gari akaangaza tochi. "Filta hii nani ameifunga?"

"Mimi."

"Uliichagua kwa kipimo gani?"

"Nyuzi ziliingia vizuri."

"Kwa nyuzi tu?"

"Kwa nyuzi."

"Kaka, na viatu unanunua kwa kuangalia kamba?"

Vibarua walicheka. Obedi alitaka kucheka nao, akashindwa. Alijua mama yake anasikia.

Bernadeta naye hakucheka. "Uliwahi kufanya kazi gani kabla ya gari?"

"Fundi wa mashine za mitumbwi."

"Ndiyo maana. Sikulaumu. Kwenye zile mashine zenu za zamani, oili mnaichanganya na petroli. Inalainisha, inaungua, inatoka na moshi. Hairudi tena. Lakini kwenye gari, oili ni ileile inayozunguka kutwa nzima. Inabeba vumbi, masizi na chembe za chuma. Kama hakuna kitu cha kuzinasa, chembe hizo zinarudi ndani na kusaga vyuma."

Alifungua filta, akaibana kwenye jiriwa, akaikata kwa msumeno wa chuma. Kisha akaenda kwenye pipa la filta zilizotumika. Akachagua moja iliyotoka kwenye gari la mteja mwingine, akaikata pia. Aliziweka zote mbili juu ya meza.

"Angalia. Hii ya mteja wangu haikutengenezwa na kampuni iliyounda gari lake. Ni ya kampuni nyingine. Wengi hudhani filta za namna hiyo zote ni mbovu. Si kweli. Hesabu mikunjo ya karatasi yake."

Obedi alianza kuhesabu, akaacha. Mikunjo ilikuwa mingi, imebanana na kulingana. Ncha zake zilishikiliwa imara.

"Sasa angalia yako."

Mikunjo ilikuwa michache. Ncha zake zilikuwa za karatasi ngumu. Gundi ilikuwa imeachia, na upande mmoja karatasi ilikuwa imechanika. Filta hiyo ilikuwa imefanya kazi siku moja tu.

"Hapa ndipo oili ilipopita bila kuchujwa," alisema Bernadeta. "Tena ilibeba vipande vya karatasi." Aligusa kipande cha mpira cheusi kilichokuwa ndani. "Bonyeza hapa."

Obedi alibonyeza. Mpira ulikuwa mgumu kama plastiki.

"Huu ni mlango wa oili. Injini ikizimwa, mpira unafunga matundu ili oili ibaki ndani ya filta. Huu wako haufungi. Usiku kucha oili inashuka yote. Asubuhi ukiwasha, vyuma vinasuguana vikavu mpaka oili ipande. Hukuwa unasikia kelele alfajiri?"

Akumu alimtazama mume wake.

"Nilisikia," alisema Obedi.

"Kuna na springi hii. Filta ikiziba, springi inaruhusu oili ipite ili injini isikose oili kabisa. Ya kwako ni dhaifu mno. Iko wazi muda wote. Kwa hiyo oili chafu ilikuwa inapita tu, kila siku."

Bernadeta aliiweka chini. "Umeitumia filta ya namna hii mara ngapi?"

"Hii ni ya tano. Moja nilimfungia jirani."

Bernadeta alitikisa kichwa. "Filta mbili zinaweza kuwa na nyuzi sawa, kaka, na matumbo tofauti kabisa."

Obedi alimvuta pembeni. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Fundi, nisaidie. Nifungie filta nzuri sasa hivi. Kesho alfajiri niondoke na mama kwenda Rorya. Daktari amesema iwe wiki hii."

"Filta nzuri inazuia madhara mapya. Haiondoi yaliyokwisha kutokea. Lazima nifungue sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nisafishe chujio la pampu. Nikague metali, vile vyuma laini vinavyobeba mhimili unaozunguka. Sauti uliyosikia inatoka huko."

"Utachukua muda gani?"

"Kesho na keshokutwa."

"Siku mbili? Fundi, mama yangu hana siku za kupoteza! Tutakwenda polepole. Nitaongeza oili njiani."

"Ikikwama kati ya Lamadi na Bunda, mchana, na mama yuko ndani, utamfanyia nini?"

Obedi aligeuka. Alisimama akitazama barabara.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Sauti ndogo ilitoka ndani.

"Obedi."

"Naam, mama."

"Nasikia yote. Mimi ni mgonjwa wa tumbo, si wa masikio. Siku mbili nitazisubiri. Mpe huyu mama funguo."

Obedi aliutoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi Bernadeta. Ilikuwa mara ya kwanza kumpa fundi mwingine ufunguo wa gari lake. Rafiki wa Bernadeta mwenye gari aliwapeleka Buswelu.

Alhamisi asubuhi Obedi alirudi Nyakato. Sampo ilikuwa imefunguliwa. Bernadeta alimwonyesha chujio la pampu. Lilikuwa limezibwa na tope jeusi lililochanganyika na nyuzinyuzi za karatasi.

"Karatasi hii ni ya filta zako," alisema. "Ilipita kwenye injini, ikaanguka huku chini, ikaziba mdomo wa pampu. Ndiyo maana oili ilishindwa kupanda."

Kisha akampa metali mbili. Obedi alipitisha ukucha juu yake. Ulikwama kwenye mikwaruzo.

"Hizi mbili nazibadilisha. Nyingine zinafaa bado. Mhimili wenyewe umepona. Lakini nikuambie ukweli. Chuma kilicholika hakirudi. Injini hii imezeeka kabla ya wakati wake. Ukiitunza, itakufikisha. Ukiipuuza tena, haitakuonya mara mbili."

"Nimeelewa, fundi. Nifundishe kuchagua."

Bernadeta alimtuma dukani mwenyewe. "Usiende na filta ya zamani kulinganisha. Nenda na namba ya injini. Imepigwa mhuri hapa kwenye chuma. Muuzaji mwaminifu ataitafuta kwenye kitabu chake kabla ya kukupa kitu."

Katika duka la kwanza, muuzaji hakutaka hata kuitazama namba. "Hii inaingia Noah zote, bosi," alisema. Obedi alimshukuru, akaondoka. Katika duka la pili, muuzaji alifungua kitabu akapekua. Akamletea filta ndefu kidogo. Obedi aliitoa kwenye boksi. Alisoma namba iliyo kwenye bati, akaona inalingana na ya boksi. Alichungulia ndani ya matundu. Akabonyeza mpira kwa ncha ya kalamu. Ulibonyea, ukarudi. Alikagua pete ya mpira ya nje, akaona haina ufa wala haijakauka. Ndipo akanunua.

Ijumaa mchana Bernadeta alimaliza kazi yake. Alimpa Obedi filta aifunge kwa mkono wake.

"Kwanza futa mahali inapokaa. Hakikisha pete ya mpira ya zamani haijabaki imenata pale. Sasa paka oili kidogo kwenye pete mpya. Funga kwa vidole mpaka pete iguse. Kisha ongeza robo tatu ya mzunguko."

"Na spana?"

"Spana ni ya kufungulia. Ukikaza kwa spana utaharibu pete."

Obedi alifunga. Bernadeta aliweka oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wakawasha. Taa nyekundu ilizimika mara moja. Mshale wa geji ulipanda, ukatulia panapotakiwa. Waliiacha injini ipate moto. Wakachungulia chini kuona kama kuna tone. Hapakuwa na tone.

"Andika kilomita za leo," alisema Bernadeta. "Kitabu chako kinasema ubadilishe baada ya kilomita ngapi?"

"Sijawahi kukisoma."

"Kisome. Na kumbuka barabara zetu zina vumbi, na foleni ni nyingi. Mimi wateja wangu nawaambia wasipitishe elfu tano. Oili na filta vibadilishwe pamoja. Na filta iliyotumika usiioshe kwa petroli urudishe. Nimeona watu wanafanya hivyo."

Obedi alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Na mimi nilikuwa nafikiria hivyo."

Akiwa njiani kurudi, Obedi alipitia kwa jirani yake, Mwalimu Justa. Huyo ndiye aliyefungiwa filta ya nne. Alimkuta anasahihisha madaftari barazani. Obedi alisimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mwalimu, filta niliyokufungia ni mbovu. Sikujua. Tafadhali usiliendeshe gari mpaka uibadilishe. Fundi yuko Nyakato. Nimekuandikia namba yake ya simu."

Justa alivua miwani. "Mbona uliniambia ni ya kwake kabisa?"

"Nilikosea, mwalimu."

Justa alipokea karatasi ya namba ya simu, akaiweka juu ya madaftari. "Asante kwa kuja kuniambia," alisema.

Nyumbani, Obedi aliitoa filta ya sita kutoka chini ya kitanda. Aliitoboa kwa msumari ili mtu asije akaiokota na kuitumia. Kisha akaitupa.

Jumamosi waliondoka kulipopambazuka. Injini iliwaka bila kugonga. Obedi aliiacha itulie kidogo, kisha akaondoka taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Walipita Kisesa na Magu. Huko Lamadi walisimama kwenye kivuli. Akumu alimpa mama maji kwa kijiko. Obedi alisubiri injini itulie, akapima oili. Ilikuwa palepale. Walipita Bunda jua likiwa juu. Mama Adoyo alilala, akaamka, akauliza wako wapi, akalala tena. Obedi aliitazama barabara na ile taa ya oili kwa zamu. Taa haikuwaka.

Walipofika kwenye daraja la Kirumi, Mama Adoyo aliomba ainuliwe kidogo. Akumu alimwegemeza kifuani mwake. Aliutazama mto Mara na mafunjo yake mpaka ukapotea nyuma yao.

"Sasa hewa ni ya kwetu," alisema.

Walifika nyumbani saa tisa alasiri. Ndugu walikuwa wamefagia uwanja. Wanawake walisimama mlangoni, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu walijua anakuja mgonjwa. Obedi aliliingiza gari mpaka mbele ya nyumba ya mama yake. Akakaa na mikono kwenye usukani. Injini iliendelea kunguruma kwa utulivu.

"Zima, nyathina," alisema Mama Adoyo. "Tumefika."

Obedi alizima. Alishuka, akafungua mlango. Alitaka kumbeba, lakini mama alikataa. Aliweka mkono mmoja juu ya bega la mwanawe na mwingine juu ya bega la Akumu. Akatembea hatua kumi na mbili mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake. Akapumzika. Akaingia.

Aliishi siku kumi na tisa zaidi, na zote alizilala chini ya paa lake mwenyewe.